Maswali ya Wasomaji: Helikopta na Upepo Wake

Toleo lililopita tulichapisha ukurasa juu ya majaribio ya helikopta za kijeshi na ndege zinazopaa wima. Barua zilizokuja ni nyingi, na fungu kubwa limetoka Lamu na Malindi, ambako mlio wa helikopta si jambo la kuwatoa watu nje tena. Tumechagua saba na kuzifupisha. Kwa kuwa maneno ya vyombo hivi yanachanganya, humu tutasema “wenzo” kwa kile kishikio kilicho kushoto kwa rubani kinachoinua na kushusha ndege, na “fimbo” kwa kile cha katikati kinachoipeleka mbele, nyuma na pembeni.

Nina nyumba ya makuti Mambrui, karibu na kiwanja cha mpira. Helikopta ndogo zimetua hapo mara kadhaa bila neno. Siku moja ikaja kubwa, ya kijeshi, ikang’oa makuti ya upande mzima, na wala haikupita juu ya nyumba. Kosa ni ukubwa wa ndege au ni rubani? — Mwenye nyumba, Mambrui

Pole kwa hasara. Rubani huenda hana kosa, na ukubwa nao ni nusu tu ya jibu.

Helikopta hukaa hewani kwa kusukuma hewa chini. Kasi ya hewa hiyo inategemea uzito wa ndege ukigawanywa kwa eneo la duara linalofagiwa na mapanga. Chukua helikopta ndogo ya aina ya MD 500: uzito wa kilo 1,360 hivi, kipenyo cha mapanga mita 8. Kila mita ya mraba ya duara inabeba kilo 27, na hewa inayoteremka hufikia kama kilomita 75 kwa saa. Sasa chukua helikopta kubwa, Mi-171 iliyojaa, kilo 13,000, kipenyo mita 21. Kila mita ya mraba inabeba kilo 37, na hewa inashuka kwa kama kilomita 87 kwa saa.

Utasema tofauti ni ndogo. Ya kasi ni ndogo kweli. Lakini duara la Mi-171 ni kubwa mara saba, na upepo huo hupungua kwa kufuata vipenyo vya mapanga. Haufuati hatua za miguu yako. Mtu aliye mita 30 kutoka helikopta ndogo yuko karibu vipenyo vinne mbali nayo, upepo umeshachoka. Mita 30 hizo hizo kutoka Mi-171 hazifiki hata kipenyo kimoja na nusu. Hapo nyumba yako iko ndani ya upepo wenyewe.

Jambo la pili ni njia yake. Hewa ikigonga ardhi hugeuka na kutambaa pembeni, na nguvu yake kubwa iko chini, kati ya goti na kichwa cha mtu. Makuti hupangwa kuanzia chini kwenda juu ili mvua iteleze, na yanahimili kusi inayoyakandamiza kwa juu. Upepo unaokuja chini chini ukaingia upenuni unayainua kwa ndani, na safu ya kwanza ikiachia, zilizobaki zinafuata. Ukiezeka tena, safu tatu nne za upenuni zifunge kwenye fito kwa kamba ya pili.

Wanaojaribu ndege hupima upepo huu kwa kusimamisha milingoti yenye vipima upepo kwenye mistari inayotoka chini ya ndege, vipima vikiwa vimepangwa kuanzia usawa wa kifundo cha mguu hadi juu ya kichwa. Ndege inaning’inia kwa urefu tofauti na uzito tofauti, siku isiyo na upepo. Jambo linaloshangaza wengi ni ndege za mapanga mawili makuu. Osprey ni ndege ya kijeshi ya Marekani yenye panga kubwa linaloinama kwenye kila ncha ya bawa; upepo wa panga lake la kushoto na wa la kulia hukutana katikati ya mwili wa ndege, hauna pa kwenda, unaruka juu na kutoka kwa nguvu mbele ya pua na nyuma ya mkia. Chinook, yenye mapanga mbele na nyuma, hutoa mkondo huo mnene ubavuni. Na Osprey ikiwa na uzito wake wa juu wa kupaa wima, kilo 23,800 hivi, kila mita ya mraba inabeba kilo 113 na upepo unazidi kilomita 150 kwa saa. Hiyo isikaribie makuti kabisa.

Jirani yangu aliyekuwa mpakiaji mizigo uwanja wa ndege anasema helikopta hubeba kidogo Nairobi kuliko Malindi, na Malindi saa nane mchana hubeba kidogo kuliko saa kumi na mbili asubuhi. La kwanza nalikubali. La pili ni kweli? Na watengenezaji hupimaje? — Mwalimu wa fizikia, Malindi

Jirani yako anajua kazi yake, mwalimu. Hewa ya kawaida ya vitabu vya urubani ni nyuzi 15 usawa wa bahari. Malindi iko karibu na usawa huo, lakini kwa nyuzi 32 hewa imepungua uzito kwa asilimia 5 na nusu hivi. Marubani wana kanuni ya haraka: kila nyuzi moja ya ziada ni kama futi 120 za kimo. Nyuzi 17 za ziada ni futi 2,040, kwa hiyo ndege iliyo ufukweni inajiona iko mita 620 juu. Alfajiri, kwa nyuzi 25, inajiona futi 1,200. Nairobi, uwanja wa Wilson, kimo cha futi 5,500 na joto la nyuzi 25, inajiona zaidi ya futi 8,000. Unyevunyevu wa pwani unaongeza kidogo juu ya hapo. Hasara ni mbili kwa pamoja: mapanga yanashika hewa nyepesi, na injini yenyewe inafikia kikomo chake cha joto mapema. Jeshi la Marekani lilipoagiza helikopta iliyokuja kuwa Black Hawk, kipimo chake kilikuwa kimo cha futi 4,000 na joto la nyuzi 35. Pwani yetu haijafika huko.

Kupima ndiko kunakovutia. Helikopta inafungwa ardhini kwa kebo ya chuma. Kati ya kebo na ndoano ya ndege kunawekwa kipima mvuto. Rubani anapaa mpaka kebo inyooke, kisha anazidi kuvuta wenzo kidogo kidogo. Kila hatua inashikiliwa nusu dakika au zaidi, na yanaandikwa msokoto wa shafti, mzunguko wa mapanga, mafuta yaliyobaki, joto, kanieneo na mvuto wa kebo. Uzuri wa kebo ni kwamba unapata “uzito” kumi tofauti kwa tangi moja la mafuta, bila kupakia na kupakua mifuko ya mchanga. Baadaye kebo inaongezwa urefu na kazi inarudiwa: tairi zikiwa karibu na ardhi, halafu juu zaidi, mpaka zaidi ya kipenyo kimoja cha mapanga. Chini ya kimo hicho ardhi inaikinga hewa isishuke haraka, na ndege hupata kama mto wa kukalia.

Kinachoharibu kipimo? Upepo, kwanza kabisa. Ukizidi noti 3 tu (kilomita 5 na nusu kwa saa) namba zinaanza kudanganya, kwa kuwa ndege inayopata upepo inahitaji nguvu kidogo. Ndiyo sababu kazi hii hufanywa alfajiri, kabla bahari haijaanza kuvuta. Pili, kebo iliyolala upande: mtu anasimama chini na redio akimwelekeza rubani, “kushoto kidogo, nyuma kidogo”, mpaka isimame wima. Tatu, kusahau uzito wa kebo yenyewe. Na rubani na msaidizi wake wote wawili lazima wawe na kitufe cha kuiachia kebo, kwa sababu injini ikizima hapo, kufungwa ni balaa.

Namba zikishapatikana, nguvu na mvuto hugawanywa kwa uzito wa hewa, eneo la duara na kasi ya ncha za mapanga, zikabaki namba tupu zisizo na kipimo. Kwa namba hizo unaweza kukadiria Lamu mwezi wa pili na Nanyuki mwezi wa saba bila kuifunga ndege huko.

Nimeona video ya helikopta iliyotua salama, ikaanza kutikisika, na kabla ya sekunde kumi imejivunja vipande. Hakuna kilichoigonga. Mimi natengeneza injini za boti, najua mtetemo, lakini ule sijauelewa. — Fundi, Lamu

Fundi, ule si mtetemo wa panga lililopinda kama unaoujua wewe. Panga lililopinda hutikisa kwa kiasi kile kile siku nzima. Huu unajilisha.

Helikopta nyingi zenye mapanga matatu au zaidi huyafunga kwa bawaba inayoruhusu kila panga kusogea mbele na nyuma kidogo katika mzunguko. Yakiwa na nafasi sawa, uzito wao uko katikati ya shafti. Sasa tairi moja ikigonga ardhi kabla ya nyenzake, mapanga husogeleana upande mmoja, na uzito unatoka katikati na kuanza kuzunguka. Chini, mwili wa ndege umekalia tairi na shokomzoba, na una mpigo wake wa kuyumba. Mipigo miwili ikilingana, mwili unayasukuma mapanga, mapanga yanauyumbisha mwili, na nguvu ya kulisha mchezo huo inatoka kwenye mzunguko wenyewe wa mapanga. Ndiyo maana hauhitaji mtu wa kuusukuma.

Dawa ni vizuizi vya mtikisiko vya aina mbili, vya kwenye bawaba za mapanga na vya kwenye miguu. Hesabu yake ina jambo ambalo mafundi wengi hawalitarajii: vizuizi hivyo hufanya kazi kwa kuzidishana. Kimoja kikiwa sifuri, hata ukitia kingine mara tatu, bado ni sifuri.

Kwenye majaribio ndege inawashwa ardhini na mzunguko unapandishwa kwa hatua. Kila hatua rubani anakoroga fimbo kwa duara dogo, kama anayekoroga uji, kwa mpigo aliopewa na mhandisi, kisha anaiacha. Mhandisi anatazama mchoro: wimbi linatakiwa kufifia katika mizunguko michache. Likichelewa kufifia, hawapandi hatua nyingine. Halafu kazi inarudiwa ndege ikiwa tupu, ikiwa imejaa, ikiwa juu ya saruji, nyasi na mchanga, tairi zikiwa na upepo mdogo, na wenzo ukiwa umevutwa nusu. Hali hii ya mwisho ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu ndege haijapaa na wala haijakaa, tairi zimeachiwa uzito na mpigo wake umebadilika. Ndege ya melini hujaribiwa pia ikiwa imefungwa minyororo, maana mnyororo nao unabadilisha mpigo.

Kwa mtunzaji, ya kukagua ni machache lakini ya kila siku: upepo wa tairi ulingane kulia na kushoto, shokomzoba ziwe na kimo sawa, kizuizi cha bawaba kisivuje mafuta au, kama ni cha mpira, kisiwe na nyufa. Na rubani akipatwa, kama mapanga yako katika mzunguko wa kuruka, anavuta wenzo na kupaa mara moja. Hewani hakuna ardhi ya kuyumbia, mapanga yanajipanga yenyewe. Kama mzunguko umeshashuka, anateremsha wenzo wote, anazima injini na kukaza breki ya mapanga. Helikopta ya mapanga mawili kama Huey haina bawaba hiyo, na ugonjwa huu haiujui.

Nimesoma kwamba mwaka 2000 ndege ya Marekani iitwayo Osprey iliua wanajeshi 19 ikiwa inashuka taratibu kwenda kutua. Injini zote zilikuwa nzima. Ilianguka kwa nini? Na jambo kama hilo linajaribiwaje bila kufa? — Msomaji, Mpeketoni

Neno “taratibu” ndilo lenye kasoro. Usiku wa tarehe 8 Aprili 2000, huko Marana, Arizona, ndege hiyo ilikuwa ya nyuma katika msafara, nao walikuwa juu mno kwa umbali uliobaki. Mwendo wa mbele ukapungua chini ya noti 40, na kushuka kukazidi futi 2,000 kwa dakika. Kitabu cha ndege kilisema chini ya noti 40 usizidi futi 800 kwa dakika.

Sasa tazama kinachotokea. Umeona mvuta sigara akitoa pete ya moshi, na moshi unavyojiviringisha ndani ya pete. Helikopta inayoshuka wima hukutana na hewa yake yenyewe iliyoisukuma chini. Ikishuka polepole, hewa ile inaiacha. Ikishuka haraka inaifikia, na hewa hupanda nje ya ncha za mapanga, ikavutwa tena juu, ikasukumwa tena chini: pete ya kisulisuli imezunguka mapanga. Ndege inakula upepo wake. Rubani anahisi mtetemo, fimbo inakuwa kama iko ndani ya tope, anavuta wenzo kuongeza nguvu, na ndege inashuka kwa kasi zaidi, kwa sababu nguvu aliyoongeza imekwenda kuilisha pete. Hakuna mshale hata mmoja wa injini utakaosema kuna tatizo.

Helikopta ya kawaida ikiingia humo huanguka ikiwa imenyooka, na rubani mwenye kimo ana njia. Ya zamani ni kupunguza wenzo na kusukuma fimbo mbele mpaka ndege ikimbie kutoka ndani ya pete. Ya pili, iliyoenezwa na rubani Mswisi Claude Vuichard, ni kuongeza nguvu na kuilaza ndege pembeni kwa pamoja, kuelekea upande ambao panga la mkia linasukuma. Panga likifikia ile hewa inayopanda pembeni mwa pete, limeshatoka. Njia hii hupoteza kimo kidogo kuliko ile ya zamani.

Osprey ina mapanga mawili, moja kila ncha ya bawa, vituo vyake vikiachana kwa mita 14 hivi. Pale Marana panga la kulia liliingia kwenye pete, la kushoto halikuingia. Upande mmoja ukapoteza mbebo, yaani nguvu ya kuinua, mwingine ukaendelea kubeba, na ndege ikalalia kulia na kupinduka. Na ubaya wa ziada: rubani akipeleka fimbo kushoto kuinyoosha, mfumo unaongeza pembe ya panga la kulia, lile lile lililo mgonjwa.

Majaribio yaliyofuata yalikwenda hivi. Unapanda juu sana, ili kimo kiwe akiba yako. Unachagua mwendo mmoja wa mbele na kuushikilia. Unashuka kwa kasi ya kawaida, unatulia, unasogeza fimbo kidogo kila upande, unaongeza nguvu, unatazama ndege inavyojibu. Unapanda tena. Unarudia, safari hii ukishuka haraka kidogo. Mhandisi aliye chini anaona mitetemo na mikazo ya mapanga moja kwa moja kwa redio, na yeye ndiye mwenye neno la “acha”. Ukimaliza mwendo huo, unakwenda mwendo wa pili. Kazi inachosha na haina sifa, lakini mwisho wake ni mchoro wenye mstari: hapa salama, hapa mtikisiko, hapa ndege inalala yenyewe. Taabu moja ni kwamba bomba la kawaida la kupimia mwendo halisomi sawasawa chini ya noti 40, na mchezo wote uko humo; ndege ya majaribio lazima ibebe kipimo cha pekee cha mwendo mdogo.

Walichokipata ni kwamba mpaka wa kweli uko mbali zaidi ya futi 800, hivyo kikomo cha kitabu kilikuwa na akiba, na kwamba dawa ya Osprey iko kwenye kidole gumba. Rubani ana gurudumu dogo la kugeuza injini na mapanga yake. Akiliviringisha mbele sekunde mbili, mapanga yanainama mbele na kuingia hewa safi, na ndege inatoka. Kikomo hakikulegezwa. Kilichoongezwa ni tahadhari ya taa na sauti rubani anaposhuka haraka kupita kiasi akiwa na mwendo mdogo.

Kwa kuwa tumeitaja ndege hii: mfano wake mmoja ulianguka Juni 1991 ukiwa unaning’inia futi chache tu kutoka ardhini, kwa sababu waya za vihisi vya mfumo wa uendeshaji, vinavyopima ndege inavyolala, ziliunganishwa kinyume. Hapo hakuna kisulisuli wala fizikia ngumu. Kabla ya safari ya kwanza, mtu akague kwamba kila waya umeunganishwa upande wake.

Kama injini ya jeti ina nguvu ya kuinua ndege wima, kwa nini ile ya Waingereza iliyozaa Harrier, ndege ya kivita inayopaa wima, ilifungwa kamba? Na kwa nini Harrier, pamoja na utaalamu wote ule, ilikuwa na kibendera cha chuma mbele ya kioo? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Malindi

Ndege hiyo ni Hawker P.1127, na iliinuka mara ya kwanza ikiwa na kamba tarehe 21 Oktoba 1960 huko Dunsfold. Rubani Bill Bedford alikuwa na mguu kwenye plasta. Kamba zilikuwa kwa sababu usukani wa kawaida haufanyi kazi ndege ikiwa imesimama. Inanyooshwa kwa vijitundu vinavyopuliza hewa ya injini puani, mkiani na kwenye ncha za mabawa, na hakuna aliyejua vingetosha kiasi gani. Waliitoa ndege vitu vingi ipungue uzito, na walikuwa wakiinuka juu ya wavu wa chuma uliofunika shimo. Bila shimo, moshi wa moto unagonga ardhi, unarudi juu na kumezwa na injini, na injini inayovuta hewa ya moto hupoteza nguvu papo hapo. Tena ule ule ugonjwa wa kula pumzi yako.

Mwezi uliofuata ikaning’inia bila kamba. Machi 1961 ikaruka kama ndege ya kawaida kutoka njia ya kurukia. Kisha wakaziba pengo la katikati kutoka pande zote mbili: leo kutoka kuning’inia kwenda noti kadhaa zaidi, kesho kutoka kuruka kwenda noti kadhaa pungufu, mpaka Septemba 1961 pande mbili zikakutana.

Kibendera kile, mwanangu, kiliokoa watu. Katika mwendo wa kati, kama noti 30 hadi 90, injini inameza hewa nyingi mno, na ndege ikienda kwa ubavu kidogo hewa hiyo inasukuma pua izidi kugeuka. Bawa moja linapata mbebo kuliko la pili, na ndege inapinduka haraka kuliko mkono wa rubani. Kibendera kinaonyesha upepo unatoka wapi, mbele ya macho yake, bila umeme. Akikiona kimepinda, anakanyaga pedali kukinyoosha.

Chombo cha tanga tunajua upepo tunaoutaka. Helikopta ikitaka kutua melini, nahodha wa meli aelekeze omo wapi? — Nahodha mstaafu, Matondoni

Mzee wetu, jibu fupi ni kwamba upepo uje kwa omo, yaani mbele ya meli, lakini ukiwa umepinda kidogo upande mmoja. Ukija moja kwa moja mbele, jengo la meli linauvunja, na nyuma yake, pale pale pa kutulia, hewa inachemka. Ukipinda, rubani anashuka akiwa katika upepo safi, kisha anasogea pembeni juu ya sitaha.

Jibu refu ni kwamba kila helikopta na kila aina ya meli wana mchoro wao wa mviringo, unaoonyesha upepo gani unaruhusiwa kutoka upande gani. Kuupata, timu hupanda meli wiki kadhaa na kuanza na mchana, bahari tulivu, ndege nyepesi. Wanaongeza upepo kwa noti chache, wanabadilisha upande kwa nyuzi chache, kisha uzito, kisha mawimbi, kisha usiku. Hawahitaji kungoja kaskazi ichachamae. Bahari yenye upepo wa noti 15 inatosha: meli ikienda noti 15 kuufuata upepo, sitahani ni shwari, ikigeuka kuukabili, sitahani ni noti 30. Hilo huhitaji mtu kukueleza wewe.

Baada ya kila kutua rubani anatoa namba, 1 hadi 5, ya juhudi iliyomtoka. Hadi 3 inakubalika kwa rubani wa kawaida wa kikosi. Ikifika 4, upepo ule unafutwa kwenye mchoro, hata kama ametua vizuri. Mara nyingi kinachokwisha kwanza ni pedali: upepo wa ubavuni unalielemea panga la mkia, na mguu unafika mwisho.

Rubani wa majaribio akisema ndege “ni ngumu”, mhandisi anaandika nini? Maana ngumu kwangu si ngumu kwako. Na kazi hii inasomewa wapi? — Mwanafunzi wa uhandisi, kwao Faza

Neno “ngumu” haliandikwi. Rubani kwanza anapewa kazi yenye mipaka. Kwa helikopta za kijeshi mfano maarufu ni huu: njoo, simama hewani juu ya alama, tulia sekunde 30, usitoke zaidi ya futi 3 upande wowote, usipande wala kushuka zaidi ya futi 2, pua isigeuke zaidi ya nyuzi 5. Hicho ndicho kiwango kinachotakiwa. Cha kutosha tu ni maradufu ya hapo: futi 6, futi 4, nyuzi 10. Vigingi na mbao zilizopakwa rangi vinasimamishwa uwanjani ili rubani aone kwa macho ametoka kiasi gani.

Kisha anajibu maswali matatu kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu. Je, ndege inadhibitika? Kama hapana, ni 10, imekwisha. Je, kiwango cha kutosha kinapatikana kwa juhudi inayovumilika? Kama hapana, ni 7 hadi 9, na ndege inarudi kiwandani. Je, inaridhisha bila kurekebishwa? Kama hapana, ni 4 hadi 6. Kama ndiyo, 1 hadi 3. Kipimo hiki ni cha marubani wa majaribio Cooper na Harper, kilichochapishwa na NASA mwaka 1969, na bado ndicho kinachotumika. Kosa la wanaoanza ni kuchagua namba kichwani kwanza na kutafuta maswali ya kuihalalisha. Mhandisi mzuri humlazimisha rubani ayajibu kwa sauti, ndege ikiwa bado hewani, kabla hajaanza kujisifu.

Shule zinazojulikana ni ya Boscombe Down huko Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1943, ya Istres huko Ufaransa, na ya Patuxent River huko Marekani. Zote hufundisha helikopta, na zote huchukua wahandisi pamoja na marubani, kwa hiyo si lazima uwe na leseni ya urubani. Ukitaka kujipima sasa hivi, chukua barua ya fundi wa Lamu hapo juu, uandike milinganyo ya mapanga manne na mwili unaoyumba, utafute ni mzunguko gani mipigo inalingana. Kisha ondoa kizuizi kimoja uone namba zinavyokwenda.